Longonot: kilomita 7.2 za ukingoni zinammalizaje mtu aliyezoea Ngong?

Mguu Mbele (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Nataka majibu ya watu waliofika, si ya waliotazama picha za wenzao. Mlima Longonot, ile volkano ya karibu na Naivasha, tunaambiwa kutoka getini hadi ukingo wa kreta (lile shimo la juu) ni kilomita 3.1, kisha kuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Kundi letu huwa linapita vilele vya milima ya Ngong, pale karibu na Nairobi, kutoka upande wa mji hadi Kona Baridi, na tunashuka tukiwa bado tunabishana siasa. Longonot watu hao hao walirudi kwenye njia ya kushukia wakiwa kimya. Mmoja amevua viatu, mwingine anauliza kama boda inaweza kupanda hadi pale.
Dai langu ni fupi: ile 7.2 si kweli. Mwenye ushahidi wa kunipinga aulete.

Kijana wa Gilgil
Jumlisha vizuri mkuu. 3.1 kupanda, 7.2 kuzunguka, 3.1 kushuka. Hizo ni 13.4. Hiyo Ngong unayojitapa nayo, ukifika Kona Baridi unapanda gari. Hurudi ulikotoka.

Mguu Mbele
Kujumlisha najua. Naulizia kule juu peke yake. Ukingoni tulifika tunaimba.

Nusu Kipenyo
Mimi nafundisha hesabu, mniruhusu. Kreta ya juu ya Longonot ina upana wa karibu kilomita 2. Duara la kipenyo cha kilomita 2 lina mzingo wa takriban 6.3. Ukingo wenyewe si duara safi, unapinda ndani na kutoka nje, kwa hiyo 7.2 inaingia akilini kabisa.
Najua mtakapokimbilia: "lakini kuna kupanda na kushuka, ramani inapima bapa." Haya, tupige hesabu. Mteremko wa asilimia 20, ambao kwa njia ya miguu ni mkali, unaongeza urefu wa njia kwa asilimia 2 tu. Hata ukingo wote ungekuwa na ukali huo, 7.2 ingekuwa 7.34. Mita 140 hazimvui mtu viatu.

Saa ya Mkononi
Mwalimu, na heshima zako zote, saa yangu ilinipa karibu 8 kwa ukingo pekee. Na mwenzangu mwenye saa ya kampuni nyingine alipata zaidi yangu. Wote wawili tumerogwa?

Nusu Kipenyo
Hamkurogwa. Saa hupokea mahali ulipo kila baada ya sekunde chache, na kila alama ina hitilafu ya mita kadhaa huku au kule. Kisha inaunganisha alama hizo kwa mistari. Ukitembea haraka hitilafu inamezwa. Ukijikokota, mistari inapinda pinda na kila pindo linahesabiwa kuwa umetembea. Ukisimama kupiga picha, saa inaendelea kukutembeza papo hapo. Ndiyo maana katika kundi moja, aliyepumzika sana ndiye mwenye kilomita nyingi.

Kijana wa Gilgil
Hahahaa! Kwa hiyo ile mita mia saba ya Saa ya Mkononi ni picha tu.

Saa ya Mkononi
Nilipiga picha za kawaida.

Shemu wa Kinangop
Mwalimu ameeleza vizuri lakini ametembea kwenye ubao. Njia ya ukingoni leo si njia iliyopimwa zamani. Udongo wa pale ni majivu ya volkano, mvua ikipiga inachimba mfereji katikati ya njia, mfereji unakuwa wa magotini, halafu wa kiunoni. Watu wanauacha na kukanyaga njia mpya pembeni. Msimu unaofuata ile mpya nayo inachimbika. Kuna sehemu utakuta mifereji mitatu sambamba na hujui uingie upi. Kila anayekwepa anaongeza hatua. Sisemi zinafika kilomita nzima, lakini kipimo cha zamani na njia ya leo ni vitu viwili.

Mtu wa Kizingo
Nawasalimu kutoka Mombasa. Mnahangaika na rula wakati jibu liko puani. Hewa! Kilele Ngamia, ncha ya juu kabisa ya Longonot, ni mita 2,776. Sisi tunaolala usawa wa bahari tukifika pale tunavuta hewa ambayo msukumo wake ni karibu asilimia 71 ya ule tuliouacha nyumbani. Nilipanda na binamu zangu wa Nairobi, wao wanaongea, mimi natikisa kichwa tu kukubali. Walidhani nimekuwa mpole.

Mguu Mbele
Pole mkuu, kwako ina mantiki. Lakini sisi ni wa Nairobi na tunapanda Ngong, ambako kilele kirefu ni kama mita 2,460. Tofauti na Ngamia ni mita mia tatu na kidogo. Hewa gani inapotea hapo katikati?

Nusu Kipenyo
Msukumo wa hewa unashuka kama asilimia 4 kutoka 2,460 hadi 2,776. Mleta uzi yuko sahihi, hewa haitoshi kueleza tofauti ya Ngong na Longonot. Inaeleza tofauti ya Kizingo na Longonot.

Arusha Juu
Majirani habari za huko. Mita 2,776? Kwetu Mlima Meru, Tanzania, ukifika urefu huo ndiyo kwanza unavuka Kibanda cha Miriakamba. Mlima ni 4,562, nao una kreta iliyobomoka upande wa mashariki. Hiyo yenu tungewapeleka watoto wa chekechea.

Kijana wa Gilgil
Karibu Arusha Juu. Meru mnapanda kwa siku tatu au nne, mnalala kwenye vibanda, mnapikiwa, na askari mwenye bunduki anawasindikiza. Longonot ni asubuhi kwenda jioni kurudi, na chakula ni kile ulichobeba. Wapelekeni hao wa chekechea, tutawapokea getini.

Arusha Juu
Hapo umenishika kidogo. Naendelea kusoma.

Mama Soksi
Ndugu zangu, hakuna aliyetaja vumbi. Januari na Februari njia ya Longonot ni majivu makavu yaliyosagika kama unga wa ngano. Unapokanyaga kupanda, mguu unateleza nyuma. Hatua yako inakulipa nusu. Ngong unakanyaga nyasi na ardhi ngumu, kila hatua ni yako yote.
Halafu linaingia viatuni. Si mchanga wa kutoa kwa kukung'uta. Linapenya kitambaa cha kiatu, linapenya soksi, linachanganyika na jasho na kuwa msasa kati ya vidole. Huyo wa mleta uzi aliyevua viatu, ningemwona miguu ningewaambia alipita bila kufunga kifundo. Mimi hubeba soksi za pili na kubadilisha pale pale juu kabla ya kuanza kushuka. Wanaonicheka ndio huja kuniomba dawa ya malengelenge.

Mguu Mbele
Mama Soksi, hii sasa ni hoja. Sisi tulikwenda Februari.

Nusu Kipenyo
Naikubali nusu. Kama vumbi ndilo sababu, basi msimu wa mvua watu wangezunguka kwa urahisi. Je, ni hivyo?

Shemu wa Kinangop
Thubutu! Aprili yale majivu yanakuwa utelezi. Kushuka kutoka Ngamia unakaa chini na kuteremka kwa makalio.

Mama Soksi
Mwalimu, kavu linakurudisha nyuma, bichi linakuangusha. Yote mawili yanachosha, kila moja kwa namna yake. Mbona hesabu zako zinataka sababu moja?

Mzee wa Reli
Vijana hamjambo. Naishi karibu na stesheni ya Longonot, mlima huu nauona nikifungua dirisha. Nyongeza kuhusu huo udongo. Mnakumbuka ule ufa uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok mwezi Machi 2018? Dunia nzima ikatangaza Afrika inapasuka vipande viwili. Wanajiolojia wengi wakasema tulieni: bonde lile lina tabaka nene za majivu ya milima hii, Longonot na Suswa, na mvua kubwa iliyafukua kwenye mpasuko uliokuwepo chini. Wengine wakashikilia kwamba ni nguvu za Bonde la Ufa zenyewe. Mimi sitaki kuamua. Ninachosema ni kwamba udongo unaoweza kumeza barabara ya lami hauwezi kushindwa na njia ya miguu.

Pasua Mbao
Mzee, huu mlima si umekufa? Nilisoma kwamba ni volkano iliyokufa.

Mzee wa Reli
Umelala, haujafa. Mlipuko wa mwisho inakadiriwa ulikuwa miaka ya 1860, na Wamaasai wana simulizi zake. Ukizunguka asubuhi na mapema kukiwa na baridi, tazama kuta za ndani za kreta, utaona moshi mweupe unatoka kwenye nyufa. Ni mvuke. Na ukiwa juu tazama magharibi, ile mivuke mikubwa ni Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi unazalishwa tangu 1981. Moto uko chini yetu sote hapa.

Nusu Kipenyo
Kuunga mkono: vipimo vya satelaiti vilionyesha Longonot ulivimba kama sentimita 9 kati ya 2004 na 2006.

Kijana wa Gilgil
Mleta uzi umesikia? Ulipanda sentimita 9 za ziada ambazo hukuambiwa. Dai fidia.

Mguu Mbele
Nacheka lakini miguu inauma.

Kiongozi Mstaafu
Niliwahi kupeleka vikundi pale kwa miaka kadhaa, sasa nimeacha magoti yangu yapumzike. Mnazunguka swali bila kuliuliza. Mleta uzi, mlipofika ukingoni mlikwenda kulia au kushoto?

Mguu Mbele
Kushoto. Tuliona kulia kunapanda sana.

Kiongozi Mstaafu
Ndiyo shida yenu hiyo. Ukifika ukingoni kutoka getini, kulia kwako ndiko Ngamia aliko. Kunatisha, ni kweli, ukuta umesimama mbele yako na kuna mahali njia ni nyembamba, kreta iko kushoto na mteremko uko kulia. Lakini unakwenda ukiwa na nguvu, maji yamejaa, jua bado la asubuhi. Ukishapita Ngamia, kazi kubwa imekwisha, kilichobaki ni nundu ndogo ndogo.
Ukienda kushoto unaanza na nundu hizo. Panda, shuka kwenye bonde dogo, panda tena. Kila moja unajiambia ndiyo ya mwisho. Hakuna hata moja inayokukatisha tamaa, ila kila moja inakula kidogo. Halafu unafika chini ya Ngamia saa sita au saa saba mchana, kwa upande wa nyuma, chupa imebaki robo. Hapo ndipo watu wanakaa chini. Mimi vikundi vyangu vyote vilikwenda kulia.

Pasua Mbao
Napinga vikali. Kulia maana yake unashuka Ngamia kwa upande wa pili ukiwa umeamka tu, kwenye changarawe, na magoti hayajapata moto. Mke wangu alianguka hapo na mkono ukatoka damu. Kushoto unapanda pagumu na kushuka pagumu ukiwa tayari umezoea mlima. Na kwenye utelezi ni heri kupanda kuliko kushuka, hilo hata mbuzi anajua.

Kiongozi Mstaafu
Ukienda kushoto, Ngamia utashuka vilevile, tena kwa ule ukuta wa upande wa getini, na miguu imechoka. Umehamisha tu mahali pa kuanguka.

Pasua Mbao
Nimehamisha kuelekea nyumbani. Nikianguka pale niko karibu na njia ya kushukia. Nikianguka upande wa kusini, msaada unafika saa ngapi?

Mtu wa Kizingo
Hapo amekushika, Kiongozi.

Kiongozi Mstaafu
Amenishika mkono mmoja. Wa pili uko huru.

Wa Kisiwani
Samahani kuingilia, mimi mgeni katika mambo haya. Kwani lazima kuzunguka? Si mtu anafika ukingoni, anatazama, anarudi?

Kijana wa Gilgil
Unaruhusiwa. Wengi wanafanya hivyo na hakuna anayewauliza. Ila kutoka ukingo wa upande wa getini huoni unachokiona kutoka Ngamia: Ziwa Naivasha lote kaskazini magharibi, Suswa kusini na kreta yake, na safu ya Nyandarua mashariki ikiwa imevaa mawingu. Na ndani ya kreta, msitu. Mtu akikuambia chini ya shimo la volkano kuna msitu mzima utamwona mwongo hadi usimame pale.

Wa Kisiwani
Msitu una wanyama?

Mzee wa Reli
Upo, na wamo. Mbuga hii ilitangazwa 1983, kilomita za mraba 52. Kwenye miteremko ya nje kuna twiga, pundamilia, swala, na nyati, na nyati ndiye wa kumheshimu. Mwezi Machi 2009 moto ulizuka hapa, ukapanda mlima na kuingia hadi ndani ya kreta. Tuliuona usiku kutoka huku chini. Leleshwa, kile kichaka cha huku, inapoungua ina harufu kali, tuliinusa siku nyingi baadaye. Imeota tena yote, leleshwa haifi kirahisi.

Dada wa Saa Nne
Nimesoma uzi wote na kila mtu anaongelea mlima. Nani ataongelea ratiba? Tulikwenda na kampuni moja ya matembezi, jina naliacha. Tulikubaliana kuondoka mjini saa kumi na moja alfajiri. Basi likasubiri wachelewaji, likasimama Mai Mahiu watu wanywe chai, likasimama kwa picha kwenye lile kanisa dogo la Waitaliano, getini tukapanga foleni kwa sababu nusu ya watu hawakuwa wamelipa mtandaoni. Tulianza kupanda saa nne na zaidi. Maana yake ni nini? Tulikuwa upande wa nyuma wa ukingo kati ya saa saba na saa nane, jua la utosi, hakuna mti, hakuna kivuli cha hata kofia.
Kibaya zaidi, waongozaji walikuwa wawili. Mmoja akaenda na wenye mbio, wa pili akabaki na binti aliyeshindwa kabisa. Sisi wa katikati tulijizungukia wenyewe. Tulipofika kwenye ile mifereji mitatu aliyoitaja Shemu, tulisimama tukabishana kwa muda, kisha tukafuata nyayo za kiatu tulichokifahamu. Tuliporudi getini basi lilikuwa linapiga honi.

Mama Soksi
Pole sana dada. Kupiga honi juu!

Dada wa Saa Nne
Asante. Kwa hiyo mleta uzi, kabla ya kulaumu kipimo, mlianza saa ngapi?

Mguu Mbele
Saa tatu na nusu hivi.

Dada wa Saa Nne
Basi nawe ni wa kwetu.

Mtembezi wa Zamani
Kuna kanuni ya Mskoti aitwaye Naismith, ya mwaka 1892. Saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuipime. Kilomita 13.4 ni saa mbili na dakika arobaini. Geti liko kama mita 2,150, kilele 2,776, hizo ni mita mia sita na ushei, yaani saa nyingine na kidogo. Ongeza zile nundu za Kiongozi, ambazo unashuka na kuzipanda upya: tuseme mita mia mbili hadi mia tatu. Unakaribia saa nne na robo, bila kupumzika, bila picha, bila chakula, na bila vumbi la Mama Soksi. Mtu wa kawaida atumie saa tano au sita na asijione dhaifu.
Linalowadanganya watu ni kwamba wanatazama tofauti ya geti na kilele tu. Zile mita za nundu haziko kwenye kibao chochote.

Nusu Kipenyo
Hili nalikubali bila nusu. Mimi nilikuwa napima urefu, kumbe tupime jumla ya kupanda. Lakini Ngong nayo si ina vilele vingi, panda shuka panda shuka? Jumla yake hapo haipungui sana.

Mtembezi wa Zamani
Ngong miteremko imelala na njia ni pana. Halafu Ngong kuna upepo muda wote, ndiyo maana mitambo ya umeme wa upepo imesimikwa pale. Longonot ukiwa upande uliokingwa hewa inasimama.

Kiongozi Mstaafu
Na Ngong kuna mahali pa kutokea. Longonot ukishapita nusu ya mzunguko huna njia ya mkato. Kwenda mbele ni mbali, kurudi ni mbali. Watu wengi nguvu zilikuwepo, moyo ndio ulioanguka walipogundua hilo. Nimewaona wanaume wakubwa wakiuliza kama kuna helikopta.

Mtu wa Kizingo
Sikuuliza helikopta. Niliuliza punda.

Pasua Mbao
Hahaha! Kiongozi, hapo kwa moyo nakuunga mkono ingawa kulia bado sikubali.

Saa ya Mkononi
Narudi kwenye 7.2. Hakuna mtu anayeweza kupima kwa lile gurudumu la kupimia barabara? Tumalize ubishi.

Shemu wa Kinangop
Gurudumu ninalo kazini. Kwenye ile mifereji litaruka hewani na kuhesabu hewa. Na ukilisukuma pembeni unapima njia ya nani, yangu au yako?

Nusu Kipenyo
Kamba basi.

Mama Soksi
Mwalimu aje na kamba na darasa lake lote. Mimi nitauza soksi.

Pasua Mbao
Na hapo ndani ya kreta, mtu anaweza kushuka hadi msituni? Nimeona picha ya jamaa anadai alifika.

Kiongozi Mstaafu
Njia rasmi inazunguka ukingoni, haishuki. Kuta zimesimama, udongo ni huo huo mnaoujua, na ukiteleza hakuna anayekuona. Anayetaka korongo aende mbuga ya Hell's Gate hapo jirani, na awasikilize askari kuhusu kushuka na kuhusu mvua, kwa sababu maji ya pale hayabishi hodi.

Wa Kisiwani
Mimi mmenishawishi. Maji kiasi gani, na nalipaje?

Dada wa Saa Nne
Lita tatu, usidanganywe na mtu anayesema moja na nusu inatosha. Juu hakuna bomba wala duka. Lipa kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, kabla hujatoka nyumbani, getini hawashiki pesa taslimu. Kofia yenye ukingo mpana. Ukiweza uwe getini saa kumi na mbili na nusu.

Kiongozi Mstaafu
Na uende kulia.

Pasua Mbao
Kushoto.

Mama Soksi
Mimi huenda kulia kiangazi, kushoto nikiona udongo una unyevu. Nimewapa bure.

Arusha Juu
Nami nitavuka Namanga mwezi ujao nije nione hiyo nundu inayowafanya muulize punda. Kutoka Nairobi napanda gari gani?

Mzee wa Reli
Matatu za Naivasha, karibu kijana. Lakini uliza kabla ya kukaa: inapita barabara ya chini, ya Mai Mahiu, au ya juu, ya Limuru? Ya chini unashuka Longonot sokoni, boda inakufikisha getini kwa dakika chache.

Arusha Juu
Na nikipanda ya juu?

Kijana wa Gilgil
Utashukia Kinungi, mlima utauona vizuri sana ukiwa mbali nao, na utarudi Arusha na kofia ya ngozi ya kondoo uliyouziwa mara mbili ya bei.